Sahani Zinazorudi Zimejaa: Uchambuzi wa Igizo Moja la Vijana Kuhusu Chakula

Wanafunzi wa kisa hiki walikuwa wanajua. Tuanze hapo, maana bila hilo mengine yote hayaeleweki. Walikuwa na umri wa miaka 14 hadi 16, na ukiwauliza protini ina kazi gani mwilini au kwa nini mifupa inahitaji kalsiamu, walijibu bila kigugumizi. Ukutani mwa darasa lao kulikuwa na mchoro wa makundi ya vyakula. Mtihani wa lishe walikuwa wameufaulu. Hata hivyo, kila mchana sahani zilirudi jikoni zimejaa, wengine hawakufika kabisa kwenye foleni, na vipindi vya alasiri walimu waliwafundisha watoto waliolalia madawati. Binti mmoja alizirai uwanjani wakati wa michezo.

Shule ilifanya kinachofanywa na shule nyingi: ikamwita mtaalamu atoe mhadhara mwingine. Mhadhara ulikuwa mzuri. Sahani ziliendelea kurudi.

Ndipo mwalimu wa fasihi aliyesimamia kikundi cha maigizo, akishirikiana na muuguzi wa shule, alipoomba wajaribu njia nyingine. Nakichambua kisa hiki kwa sababu kinatetea jambo ninaloliamini kwa dhati: igizo kuhusu lishe likigeuzwa mhadhara wenye wahusika, limekufa. Kazi yake hasa ni kumpa kijana mtu wa kumsemea, ili sababu ya kweli ya kutokula, au ya kula vibaya, itamkwe na mhusika pale ambapo mwenyewe angenyamaza.

Igizo la kwanza

Kikundi kilipoambiwa kitunge igizo kuhusu chakula, kilimaliza kazi alasiri moja. Kulikuwa na kijana mnene anayekula kutwa nzima. Marafiki wanamwonya, anawapuuza. Anaugua. Daktari anatoa hotuba, mama analia, kijana anatubu. Mwigizaji alikuwa ameingiza mto ndani ya shati, na kila alipotembea darasa lilicheka. Mvulana mmoja mwenye mwili mkubwa, aliyekaa viti vya nyuma, alicheka kwa sauti kuliko wote. Mwalimu alimwona.

Vijana wengi wakiachiwa wenyewe huanza na igizo la namna hii, na si kwa ubaya. Ndilo wanalodhani watu wazima wanataka. Lakini litazame vizuri. Tangu dakika ya kwanza kila mtu anajua nani ana makosa, kwa hiyo hakuna cha kujadili. Mwili wa mtu umefanywa kichekesho. Ulaji mbaya umeelezwa kuwa ni ulafi na ukaidi wa mtu mmoja, na hapo foleni, wenzake, matangazo na maneno ya nyumbani vyote vimesamehewa. Tena neno la mwisho kapewa daktari, maana yake hadhira imeambiwa inyamaze.

Mwalimu hakuwagombeza. Aliuliza swali moja: "Huyu kijana anataka nini?"

"Kula," wakajibu.

"Na kabla ya kula, anataka nini?"

Hakupata jibu, na akawaambia ndiko watakakoanzia. Kabla ya kuendelea, muuguzi aliweka masharti ambayo ningeyataka katika kila kazi ya aina hii. Mwili wa mtu usiwe vazi la jukwaani. Hakuna kupimana uzito wala kutaja kilo za mtu. Na kama igizo litagusa kujinyima chakula au kujitapisha, njia zisionyeshwe wala kuelezwa, kwa kuwa kijana aliye hatarini huweza kuzichukua kama mafunzo. Sharti hilo la mwisho lilileta ubishi kidogo, kwani baadhi ya waigizaji waliona linaondoa uhalisia. Muuguzi hakurudi nyuma, na alikuwa sahihi.

Sanamu za saa ya chakula

Hatua iliyofuata ndiyo iliyobeba kisa kizima, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Mwalimu aliwaambia waache maneno. Wakae wawili wawili, mmoja aupange mwili wa mwenzake hadi uwe sanamu ya saa ya chakula cha mchana, bila kusema kitu. Mbinu hii inatokana na Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazili aliyeishi kati ya 1931 na 2009. Alikamatwa mwaka 1971 kwa sababu ya kazi yake, akaenda uhamishoni, na mwaka 1973 alikuwa Peru katika mpango wa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Washiriki walikuwa na lugha tofauti za kwanza, hivyo mwili ukawa njia ya kusema jambo kabla ya kulitafutia maneno. Kwa vijana na habari za chakula tatizo linafanana na hilo. Lugha wanayo, ila maneno waliyonayo ni ya kitabuni, na ya kwao wenyewe bado hawajayapata.

Sanamu ziliposimama, mwalimu aliwataka wanaotazama waseme wanachokiona. Msichana mmoja ndiye aliyegundua: hakuna sanamu hata moja iliyokuwa ikitazama sahani. Macho yote yalikuwa kwa watu wengine. Moja ilikuwa imezingira sahani kwa mkono. Nyingine ilifunika mdomo kwa kiganja huku inatafuna. Moja ilisimama mwisho wa foleni, shingo imegeukia saa ya ukutani. Moja ilinyoosha mkono wenye simu kuelekea kwa mwenzake anayekula.

Kisha kila sanamu iliguswa begani na kutakiwa itoe sentensi moja iliyo moyoni mwake. "Wananihesabia matonge." "Kengele italia kabla sijafika dirishani." "Nikibeba sahani iliyojaa wataniita mlafi." "Nikila sasa nitasinzia kwenye hesabu." "Mazoezi yangu yote yatapotea bure." Mmoja, kwa sauti ndogo: "Nikizoea kushiba hapa, likizo nitapata tabu."

Hakuna aliyesema hajui umuhimu wa mlo kamili. Sababu nyingine zilikuwa za ratiba, nyingine za macho ya watu, nyingine za namna mtu anavyouona mwili wake, na ile ya mwisho ilikuwa ya umaskini. Mhadhara hukutana na sababu zote hizo kana kwamba ni ugonjwa mmoja wa kutojua, kisha hutoa dawa moja kwa wote. Ndiyo maana sahani zilikuwa zinarudi.

Tumaini

Kutokana na sentensi zile walimtunga mhusika. Walimwita Tumaini kwa kuwa darasani hapakuwa na mwenye jina hilo, na ni jina linalomfaa msichana na mvulana. Uamuzi huo mdogo una maana kubwa: hakuna mtoto aliyetoka pale na jina la utani.

Tumaini ana miaka 15. Anachelewa kulala akisoma, anaondoka bila kifungua kinywa. Mapumziko ya asubuhi anakunywa soda. Mchana yuko kwenye foleni, wakubwa wanamruka, na anapokaribia dirisha rafiki yake anamwambia huku akicheka, "Leo unakula ya watu wawili?" Anaondoka kwenye foleni. Jioni shangazi aliyekuja kuwatembelea anamkumbatia: "Umejaa siku hizi, mwanangu!" Baba anapakua chakula. Tumaini anasema, "Nimekula shuleni." Na kesho yake, mwalimu anapomuuliza mbona hakuonekana bwaloni, anajibu, "Nitakula nyumbani."

Sentensi hizo mbili zilitungwa na vijana wenyewe, na sijaona maelezo mazuri kuliko hayo ya jinsi mtoto anavyoweza kushinda na njaa katikati ya watu wanaompenda. Kila upande unaamini upande wa pili umemlisha. Igizo linaishia Tumaini anapoanguka uwanjani, kabla mtu yeyote hajapata nafasi ya kueleza kwa nini.

Kulitokea mvutano kuhusu shangazi. Wengi walitaka awe mkali, mwenye kejeli. Mwalimu alisisitiza awe mtu mwenye upendo wa kweli, na anasema lile neno kwa nia ya kusifu. Naunga mkono, kwa sababu shangazi mbaya ni rahisi kumshinda, naye humfundisha kijana kwamba maneno yanayoumiza hutoka kwa maadui tu. Wengi wao waliyasikia mezani kwao, kwa watu wanaowapenda.

Muuguzi alipata zamu yake katika zoezi la kiti cha maswali. Mwigizaji alikaa mbele akiwa Tumaini, wenzake wakamhoji. "Kwa nini husemi ukweli?" "Nikisema sijala, wataniuliza kwa nini." Kisha mmoja akauliza, "Mbona unapata kizunguzungu?" Tumaini akasema, "Sijui." Darasa zima likamgeukia muuguzi.

Aliwaeleza kwamba kati ya miaka 10 na 19, kipindi ambacho Shirika la Afya Duniani linakiita ujana balehe, mwili unajenga damu, misuli na mifupa kwa kasi. Msichana aliyeanza hedhi hupoteza madini ya chuma kila mwezi, ndiyo maana viwango vya Marekani vinamtaka wa miaka 14 hadi 18 apate miligramu 15 kwa siku, na mvulana wa umri huo miligramu 11. Chuma kilichomo kwenye maharage na mboga za majani hufyonzwa vizuri zaidi kikiliwa pamoja na matunda yenye vitamini C, na chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji huo. Sehemu kubwa ya mifupa ya maisha yote hujengwa kabla ya miaka 20. Na kijana anayekua hatarajiwi kupungua uzito. Akipungua bila sababu inayojulikana, mtu mzima anapaswa kuuliza.

Mengi ya hayo yalikuwa kwenye mhadhara na kwenye mchoro ukutani. Safari hii yalikuwa majibu ya swali walilouliza wao.

Wavulana na tangazo

Baadhi ya wavulana walianza kusema kwamba haya ni mambo ya wasichana. Mwalimu hakubishana nao. Aliazima mbinu ya Dorothy Heathcote, mwalimu wa maigizo wa Uingereza aliyeishi kati ya 1926 na 2011, ambaye aliwapa wanafunzi nafasi ya wataalamu wenye kazi ya kufanya. Wavulana wakawa kampuni ya matangazo. Mteja anataka kuwauzia kinywaji kitamu chenye gesi vijana wa miaka 14. Watawapataje?

Walifanya kazi kwa bidii ya ajabu. Wakaleta mwanamichezo maarufu, muziki, kikundi cha marafiki wanaocheka, na ahadi ya nguvu na uanaume. Walipomaliza, muuguzi aliweka takwimu mezani: kopo la mililita 330 la kinywaji cha namna hiyo huwa na takriban gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi za matunda, isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mlo wa kilokalori 2,000 ni gramu 50, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani gramu 25.

Kilichowakera si gramu. Kiliwakera kwamba waliijua mitego yote bila kufundishwa na mtu, kwa kuwa imekuwa ikitegwa kwao. Mwaka 2016 Christopher Bryan na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa darasa la nane huko Texas: waliosoma jinsi kampuni za vyakula zinavyowalenga na kuwahadaa walichagua vitafunwa na vinywaji vyenye sukari kidogo zaidi siku iliyofuata, kuliko waliosoma masomo ya kawaida ya afya. Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha athari iliyodumu kwa miezi, hasa kwa wavulana. Kijana hapendi kuongozwa, na kutaka kujitawala huko kunaweza kuelekezwa kwa anayemuuzia, badala ya kupambana nako.

"Simama!"

Onyesho lilifanywa mbele ya darasa zima na madarasa mawili jirani. Kanuni zilikuwa za Boal. Igizo linachezwa mara moja hadi mwisho, kisha linaanza upya. Sasa mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti "Simama!", akapanda na kushika nafasi ya Tumaini. Haruhusiwi kushika nafasi ya rafiki, shangazi au baba, kwa sababu katika maisha hatuna uwezo wa kuwabadilisha wengine kwa kutamani tu. Na hadhira ikiona jambo lisilowezekana, inapaza sauti: "Uchawi!"

Wa kwanza alimkaripia yule rafiki mwenye mzaha. Makofi yakapigwa. Lakini mwigizaji wa rafiki alifanya ambacho rafiki wa kweli angefanya: alikwenda kukaa meza nyingine na kuwachukua wenzake. Tumaini alibaki na sahani na ushindi wake, peke yake, na ukumbi ukaona ujasiri ule ulivyo na gharama. Mvulana mmoja alitaka Tumaini aamke alfajiri ajipikie. "Uchawi!" Huyu analala saa ngapi?

Msichana mwingine alimkabili shangazi: "Shangazi, nakupenda. Lakini neno hilo likishasemwa, nakaa nalo siku nzima." Mwigizaji wa shangazi alitafuta jibu, kisha akasema, "Lakini mimi nilikuwa nakusifu, mwanangu." Hawakuafikiana jukwaani, na mjadala ulihamia kwenye viti.

Halafu akapanda yule mvulana wa viti vya nyuma. Hakugusa foleni wala shangazi. Alikwenda moja kwa moja kwenye onyesho la jioni, na baba alipopakua, akasema: "Baba, sijala tangu asubuhi." Hakuna aliyeita uchawi. Baba wa jukwaani aliacha alichokuwa akifanya, akakaa karibu naye.

Katika kinga ya matatizo ya ulaji kuna kazi ya mwanasaikolojia Eric Stice na wenzake inayosaidia kuelewa tukio hili. Wasichana hupewa mwezeshaji anayeigiza mtu aliyetawaliwa na hamu ya wembamba, na kazi yao ni kumshawishi aiache. Hoja zikitoka kwenye kinywa cha msemaji mwenyewe, zinambadilisha yeye kabla ya anayeambiwa. Boal alifika huko kwa njia nyingine: nchini Peru, mwanamke aliyekuwa akitazama hakuridhika na namna waigizaji walivyotekeleza ushauri wake, akapanda mwenyewe kuonyesha alichomaanisha. Kupendekeza kwamba Tumaini aseme ukweli ni jambo jepesi. Kulisema kwa sauti, umetazamana na baba, ni mazoezi ya kitu ambacho jioni hiyohiyo mtu anaweza kuhitaji kukifanya.

Kisha kijana mdogo kuliko wote akauliza kutoka kwenye kiti chake: "Na kama sufuria ni tupu?"

Mwalimu aliagiza onyesho lirudiwe, sufuria ikiwa tupu. Watatu walijaribu. Kila jaribio liliitiwa uchawi. Mwalimu hakulazimisha suluhisho, na hapo alionyesha ukomavu mkubwa, kwa sababu igizo linaweza kufichua njaa ya umaskini lakini haliwezi kuishibisha, na kujifanya kwamba linaweza ni kumdanganya mtoto anayeijua njaa hiyo. Swali lile alilibeba hadi ofisini kwa mkuu wa shule, akiwa na muuguzi.

Baada ya onyesho kila mwigizaji alivuliwa uhusika: alitaja jina lake halisi na jambo moja linalomtofautisha na aliyemwigiza. Aliyecheza Tumaini alifanya hivyo mara mbili, kwa kuwa alikuwa amelibeba jina hilo muda mrefu. Walimu walikuwa wameshaelezwa dalili za kutazama: kukonda haraka, kukwepa kula mbele ya watu, kwenda msalani kila baada ya mlo, kizunguzungu, hedhi kukoma, mazoezi yasiyo na mapumziko. Kijana mwenye dalili hizo anahitaji daktari, na igizo halichukui nafasi hiyo. Mlango wa muuguzi uliachwa wazi wiki ile yote. Waliokwenda walikwenda, ni akina nani na kwa nini, si mambo ya kuandikwa hapa.

Kilichobadilika

Vijana waliandika maombi yao kwa mkuu wa shule kutokana na onyesho la foleni: chakula kitolewe kwa zamu mbili, simu zisiingie bwaloni, na mapumziko yaongezwe. Mawili ya mwanzo yalikubaliwa, la tatu likakataliwa kwa sababu ya ratiba. Kutoka jukwaani hadi kwenye kanuni ni njia ambayo Boal mwenyewe aliipita alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro kati ya 1993 na 1996, ambapo sheria 13 zilizotokana na maigizo ya wananchi zilipitishwa.

Wapishi walisema sahani zinazorudi zimejaa zimepungua. Hakuna aliyezihesabu kabla wala baada, na maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko hayo imetokana na zamu mbili kuliko na mioyo kugeuka. Sioni kwamba hilo linapunguza sifa ya igizo. Foleni ilikuwepo miaka yote, mbele ya macho ya walimu, na hakuna mhadhara uliowahi kuitaja kuwa suala la lishe. Kwa upande wa soda sikuona tofauti: ziliendelea kuuzwa, na ziliendelea kununuliwa. Watoto ambao sufuria ya kwao ni tupu waliingizwa katika mpango wa chakula wa shule, kimya kimya, bila kuitwa majina mbele ya wenzao.

Mkuu wa shule alitaka igizo lionyeshwe kwenye mkutano wa wazazi. Vijana walikubali kwa sharti moja: wazazi nao waweze kusema "Simama!" na kupanda, kwa kanuni zilezile. Baba mmoja alipanda akitaka kuwa baba. Akaambiwa hapana, ni Tumaini tu. Akashika sahani, akasimama kwenye foleni, na yule rafiki akamwuliza kwa kicheko kama leo anakula ya watu wawili. Alijaribu kumjibu kwa ukali, kisha kwa mzaha, na mara zote mbili yule rafiki alimshinda. Mazungumzo yaliyofuata kati ya wazazi na watoto yalihusu utani wa mwili majumbani, na yalichukua muda mrefu kuliko igizo lenyewe.